Mwali hajatoka ndani

Mbuzi wa kumi na tano ndiye aliyenifikisha mahakamani. Dume jeusi, pembe moja imekatika, harufu yake inamtangulia hatua ishirini. Wale kumi na wanne wa kabla yake niliwatoza wenyewe faini bila mtu kuuliza kitu. Nikakata stakabadhi, nikagonga muhuri, maisha yakaendelea. Mwenye huyu wa kumi na tano aliuliza swali moja tu: sheria imeanza lini? Nilipokuja kuulizwa na hakimu kwa maneno mengine, sikuwa na jibu.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, juu huko kwenye uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mimi ni mtu wa Lindi mjini, Mtanda, Mmwera kwa baba na mama, kwa hiyo nilipokelewa kwa utani mwingi kabla sijapokelewa kwa barua. Umri miaka 26, sijaolewa, lakini siku ya pili tu nikawa Mama Mtendaji. Kijiji sikitaji. Wengi ninaowasimulia hapa bado wananipigia simu, na sitaki wapige leo kwa ajili ya hili.

Shida ya kijiji mwaka ule ilikuwa miche. Watu walikuwa wamepata miche ya mikorosho iliyobebeshwa, mbegu za kituo cha utafiti cha Naliendele, ile inayowahi kuzaa. Wakaipanda kwa furaha. Kabla mche haujatoa majani matano, mbuzi kashapita. Mtu asiyeishi kule juu hawezi kuelewa hasira ile. Maji ya uwanda wa Makonde ni ya kuhesabu. Kumwagilia mche ni kujinyima ndoo ya kuoga. Unaamka asubuhi unakuta kijiti kimesimama peke yake kama njiti ya kiberiti, na pembeni kinyesi cha mbuzi, kama sahihi.

Basi halmashauri ya kijiji ikakaa, tukapendekeza sheria ndogo. Mbuzi akikutwa anazurura katika shamba la mtu, mwenye mbuzi faini shilingi 10,000. Tukaitisha mkutano mkuu wa kijiji, mwezi Machi, chini ya mkorosho mkubwa ulio mbele ya ofisi. Karatasi ya mahudhurio ilijaa pande zote mbili. Mjadala ulikuwa mkali, hasa kuhusu mbuzi aliyekatika kamba mwenyewe, kama kosa ni la mwenye mbuzi au la aliyeuza kamba. Mwisho mwenyekiti akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka mpaka ya wenye mbuzi. Vigelegele. Mwenyekiti akatangaza kwa sauti ya mtu aliyesikiliza sana Bunge redioni: "Imepita!"

Jumatatu nikawatuma mgambo wawili kazini.

Mpaka katikati ya Mei tulikuwa tumekusanya shilingi 140,000, na nilijiona mchapakazi. Fedha hazikukaa hata wiki. Zilinunua saruji ya choo cha shule ya msingi, na iliyobaki ikalipa pikipiki iliyoibeba. Ndipo akaletwa yule dume jeusi.

Mwenyewe alikuwa mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Mjomba. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kupuuzwa, ndiye mwenye sauti juu ya wapwa zake, na huyu alikuwa mjomba wa watu wengi mno. Zaidi ya hapo, na hili hakuna aliyenieleza, alikuwa amekaa miaka mingi kama mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, pembeni mwa mahakimu wasiopungua watano. Akaingia ofisini, nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Akaniuliza: "Sheria hii imeanza lini, Mama Mtendaji?"

Nikamjibu imeanza siku ya mkutano, na yeye mwenyewe alikuwepo, na mkono alinyoosha.

"Mkono nilinyoosha," akasema. "Nimeuliza imeanza lini."

Nikaona ni kiburi cha wazee. Akakataa kulipa, nami nikafungua shauri.

Mahakamani nilikwenda na faili safi kabisa. Hakimu, dada mmoja mpole, aliniomba nakala ya sheria ndogo. Nikampa. Akaisoma, akaigeuza, akatazama nyuma kama mtu anayetafuta tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya dawa.

"Huu ni muhtasari wa mkutano mkuu."

"Ndiyo, mheshimiwa. Wote waliafiki."

"Sawa. Halmashauri ya wilaya iliidhinisha lini?"

Nadhani nilisema "mheshimiwa" mara tatu bila kufuatisha neno lingine. Shauri likafutwa. Halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Nje, Mjomba alikuwa ananisubiri. Nilidhani atanicheka, na kwa utani wa Wamakonde na Wamwera angekuwa na haki zote. Badala yake akanikalisha kwa mama muuza chai, akaagiza mihogo ya kukaanga ya watu wawili. Kisha akanieleza jambo ambalo semina elekezi ya siku tatu ilikuwa imeshindwa kunieleza.

"Mwali akishafundwa ndani, kafundwa," alisema. "Kila kitu anakijua. Lakini ukimkuta uani kabla hajatolewa nje, unamhesabu mtu mzima? Humhesabu. Mpaka siku ya kutoka. Ngoma ipigwe, avishwe kanga mpya, apite mbele za watu, kila mtu aseme nimemwona. Hiyo sheria yako nzuri. Imefundwa. Lakini bado iko ndani."

Tangu siku ile sijapata mfano bora wa kueleza sheria inavyozaliwa, na nimesikia mawakili wakijaribu.

Kosa langu, kwa maneno ya ofisini, lilikuwa hili. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Ni lazima iitishe mkutano mkuu wa kijiji, watu watoe maoni. Mpaka hapo nilifanya. Baada ya hapo rasimu na muhtasari vinapelekwa halmashauri ya wilaya, na bila kuidhinishwa huko sheria ndogo ya kijiji haina meno. Mikono yote ile chini ya mkorosho ilikuwa pendekezo. Pendekezo zuri, la kidemokrasia, lenye vigelegele, lakini huwezi kumtoza mtu faini kwa pendekezo.

Mtendaji wa kata akaniambia kwa upole kwamba zile 140,000 zirudi kwa wenyewe. Saruji ilikwisha kuwa choo. Nililipa kutoka mshahara wangu, kwa miezi miwili, nyumba kwa nyumba. Waliopokea walipokea kimya, isipokuwa bibi mmoja wa upande wa bondeni aliyekataa kabisa. Alisema mbuzi wake kweli alikula mche wa jirani, alimwona kwa macho yake, na hela ya mbuzi mwizi hailali nyumbani kwake. Nikaiacha kwenye kinu. Wiki iliyofuata akaileta kanisani kama sadaka.

Rasimu tukaipeleka wilayani, safari hii kwa njia yake. Ikarudi. Tulikuwa tumeandika kwamba mkosaji wa mara ya pili "atachukuliwa hatua kali", na mwanasheria akaweka duara la kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kali kiasi gani? Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana ni swali halali. Adhabu isiyo na kipimo ni kama mizani isiyo na mawe, na watu wa korosho tunajua mizani ya namna hiyo inamfaidi nani. Tukaandika kiasi. Baraza la madiwani hukutana kwa robo mwaka, ukikosa kikao hiki unasubiri kingine. Sheria yetu iliidhinishwa Novemba.

Nikiri na hili. Ilipoidhinishwa tu, wazo la kwanza kichwani lilikuwa lile dume jeusi la Mei. Nikampigia Mjomba simu nikamwambia sasa mambo tayari, aje alipe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nifungue Katiba, ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, kipengele (c). Nikafungua. Kinasema, kwa ufupi wangu, kwamba mtu haadhibiwi kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa chini ya sheria. Mbuzi wa Mei hahukumiwi kwa sheria ya Novemba. Nikamwomba radhi. Akasema tukutane kwenye mihogo.

Nimesimulia ya kijiji kwa urefu kwa sababu ya taifa ni yaleyale, ila mkorosho ni mkubwa zaidi. Sasa hivi nina steshenari yangu Masasi, si mbali na stendi, niliacha utendaji mwaka 2022. Hapa mezani hakuna wiki inayopita bila mtu kuingia na kusema, "Dada, naomba unitolee ile sheria mpya waliyoipitisha jana." Waliyoipitisha jana! Namwambia aketi.

Kule Dodoma kitu kinaanza kikiitwa muswada. Muswada huchapishwa kwanza katika Gazeti la Serikali, na kwa kawaida siku zisizopungua 21 lazima zipite ndipo usomwe Bungeni kwa mara ya kwanza. Mjomba alipenda sana hizo siku 21. Kuku naye hulalia mayai siku 21, alisema, hivyo aliyepanga kanuni za Bunge lazima alifuga. Kusomwa kwa mara ya kwanza ni kutajwa jina tu. Unapelekwa kwenye kamati, na kamati ndiyo inayoita wadau, na hapo ndipo mtu wa kawaida anaweza kweli kuingiza neno lake, ingawa watu wengi tunaanza kupiga kelele baada ya hapo. Mara ya pili waziri anaeleza, wabunge wanachangia, halafu Bunge linakaa kama kamati na kupita kifungu kwa kifungu, pamoja na majedwali ya marekebisho, yaani orodha za mabadiliko yanayopendekezwa. Mara ya tatu ni kuukubali wote. "Waliosema ndiyo wameshinda," mezani panagongwa.

Hapo ndipo redio inasema Bunge limepitisha sheria, na hapo ndipo watu wanapokosea kama nilivyokosea mimi. Bunge kwa Katiba yetu lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Sehemu moja imenyoosha mkono, nyingine bado. Ibara ya 97 inampa Rais uhuru wa kukubali muswada au kukataa, na akikataa anaurudisha pamoja na sababu. Ukirudishwa, hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwake kwa nguvu hiyo, ana siku 21 za kuukubali, au avunje Bunge. Siku 21 tena. Nilimsomea Mjomba kwa simu, akasema, "Si nilikwambia? Kuku."

Kuna njia ya mkato, inaitwa hati ya dharura, Rais anatia sahihi kwamba jambo haliwezi kusubiri. Sisi wa kusini tunaikumbuka vizuri. Julai 2015, siku za mwisho kabisa za Bunge lile, miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipelekwa kwa dharura na kupitishwa, ukiwemo uliokuwa Sheria ya Petroli. Ni gesi ya Mnazi Bay na Songosongo hiyo, iliyo chini ya miguu ya watu wa Mtwara na Lindi, miaka miwili tu baada ya machafuko ya Mtwara ya 2013. Labda haraka ilikuwa na sababu zake. Mimi nasema tu kwamba kama kuna mayai yaliyostahili kulaliwa siku zote 21, ni yale.

Rais akishasaini, inakuja sehemu ninayoipenda, ambayo haina mpiga picha wala shangwe. Sheria inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Huko ndiko kutolewa nje. Zamani kulikuwa na mbiu ya mgambo, ikilia ina jambo, mtu anapita kijijini anapiga ngoma au pembe, na baada ya hapo hakuna wa kusema sikusikia. Gazeti la Serikali ndiyo mbiu yetu, ila inalia kwa sauti ndogo sana. Halifiki kwa wauza magazeti wa stendi. Mtandaoni sheria unazipata, tovuti ya Bunge na TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure, bando lako tu. Lakini ujue unachokitafuta. Na kumbuka kuwa kutojua sheria si utetezi. Kanuni ya Adhabu imelisema hilo waziwazi. Yaani mbiu ikishalia, hata kama ulikuwa shambani bondeni unafukuza ngedere, umehesabiwa kuwa umesikia.

Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ile iliyopewa Sura ya 1, ndiyo inayojibu swali la Mjomba. Sheria inaanza kutumika siku ilipochapishwa katika Gazeti, isipokuwa yenyewe au sheria nyingine imetaja siku tofauti. Neno "isipokuwa" hapo limebeba mzigo. Sheria nyingi zinasema kwenye kifungu cha kwanza kwamba zitaanza tarehe ambayo Waziri ataitangaza katika Gazeti. Basi mwali katoka nje, kaonekana na watu wote, ila kaambiwa akae barazani asitembee mpaka aitwe. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 4 na namba 5 za mwaka 1999, zilikaa barazani hivyo mpaka tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katikati hapo, aliyekwambia "sheria ipo" hakudanganya, na aliyekwambia "haijaanza" hakudanganya pia. Ndiyo maana watu hugombana.

Mtu akiniletea sheria hapa dukani, nakala halisi iliyochapwa, namwonyesha tarehe zake kama fundi anavyoonyesha namba ya injini. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya Gazeti. Chini yake kuna sahihi ya Rais na tarehe aliyoikubali. Ukurasa wa mwisho Katibu wa Bunge anathibitisha siku ilipopitishwa. Halafu unarudi kifungu cha kwanza kutazama kama kuna siku maalumu ya kuanza. Tarehe nne, na ni nadra zote zikafanana. Aliyekuletea notisi ya faini, muulize ameshika ipi.

Juni 2018 nilifanya mtihani wa somo hili mbele ya kijiji kizima. Ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ulikuwa unagawanywa, asilimia 65 kwenye mfuko wa kuendeleza zao, 35 Hazina. Muswada wa Sheria ya Fedha ukataka zote ziende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini wakachachamaa, na pale kijijini redio zilitafutiwa mawe kama ni mechi ya Simba na Yanga. Katibu wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, alikuwa anapita ofisini kila asubuhi. "Mama Mtendaji, hela zimeshakwenda?" Bado, ni muswada. Muswada ukapitishwa. "Sasa?" Bado, Rais hajasaini. Akaja tena, nikamwambia Sheria ya Fedha kwa kawaida huanza Julai mosi, subiri. Julai mosi ikafika. "Sasa?" Sasa ndiyo.

Akakaa kimya, akasema, "Kumbe siku zote hizi ulikuwa unanicheleweshea msiba tu."

Sikuwa na la kumjibu. Kujua siku sheria inapoanza hakuifanyi ikupendelee.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mifuko ya rambo. Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, jirani yetu, alisimama Bungeni akasema mifuko ya plastiki mwisho wake ni Juni mosi. Mei, siku ya gulio, nikakuta mgambo wangu, walewale wawili wa mbuzi, wanawanyang'anya wamama mifuko na mmoja kesha taja bei. Safari hii sikusubiri hakimu. Nikawauliza kanuni wanayotumia ni namba ngapi. Wakaniangalia kama nimeanza kusema Kiyao. Kauli ya Bungeni, hata ya Waziri Mkuu, ni taarifa ya kinachokuja. Kilichokuja ni kanuni chini ya Sheria ya Mazingira, Tangazo la Serikali Na. 394 la 2019, ambalo ofisini huitwa GN, zilizochapishwa Mei hiyohiyo na zenyewe zikataja kuanza Juni mosi. Mifuko ikarudishwa kwa wenyewe, na nyanya zake. Juni mosi tukaanza kazi, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa walikwisha kupewa wiki mbili za kutafuta vikapu.

Nilivyozoea kuuliza namba ya GN nimekuwa kero. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 15, 2021, wakala mmoja aliniambia angependa niulize kidogo na kutuma pesa zaidi.

Lugha je? Kwa miaka mingi Bunge lilijadili kwa Kiswahili kitu kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kilichotiwa sahihi kilikuwa cha Kiingereza. Mjomba alisema huyo ni mwali aliyetolewa nje na kanga imemfunika uso. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria, na kazi ya kutafsiri zile za zamani ikabaki kubwa. Halafu kuna toleo jipya la sheria zilizorekebishwa, la 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai mosi mwaka huohuo, kuchukua nafasi ya lile la 2002. Mwenye kunukuu kifungu kwa kichwa, kama mimi, afungue tena vitabu. Mimi nimeshaaibika mara moja mbele ya mwanafunzi wa chuo.

Nimalizie ya Novemba 2016. Sheria ndogo yetu iliporudi kutoka wilayani ikiwa na muhuri wa bluu, nilitaka kuitoa nje kwa heshima zote. Tulipiga mbiu. Nikaisoma kwa sauti chini ya mkorosho, kifungu kwa kifungu. Kisha nikabandika nakala kwenye ubao wa matangazo. Gundi ya ofisi ilikuwa imekauka, kwa hiyo nikatumia uji wa unga wa muhogo, gundi ya bibi zetu, inashika vizuri sana.

Asubuhi ya Jumatatu nikamkuta dume jeusi lenye pembe moja amesimama mbele ya ubao, anatafuna. Ilibaki kona moja ya karatasi na nusu ya muhuri.

Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Hatimaye! Akataka faini ikatwe hapohapo. Nikaingia ndani, nikatoa nakala ya faili, nikasoma. Kosa ni mifugo kukutwa katika shamba la mtu au kuharibu mazao au miche. Ubao wa matangazo si shamba. Karatasi si mche. Mwenyekiti akasema basi uji wa muhogo, muhogo ni zao. Tulilijadili hilo kwa dakika kadhaa, nawaapia, na mgambo wakiwa wamesimama wima kama wazee wa baraza.

Mjomba akafika, akatazama ubao, akamtazama mbuzi wake.

"Sheria imekufa?" akauliza.

"Haijafa, Mjomba. Ilishatolewa nje."

Akacheka mpaka akashika mkorosho. Kisha akamshika dume kwa ile pembe iliyobaki, wakaondoka. Nikabandika nakala nyingine, juu kidogo, kwa misumari minne.